Klabu za wapenzi wa kompyuta zimeishia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikisimulia kwamba zamani watu wazima walitoka kazini jioni, wakaenda ukumbini, wakakaa kwenye viti vya plastiki kumsikiliza jirani yao akieleza kompyuta, vijana hunitazama kama nimewapigia hadithi ya sungura na fisi. Kisha huja maswali, na karibu kila mara ni yale yale. Nimeyaweka hapa na majibu yake. Mengi yanahusu Marekani kwa sababu huko ndiko klabu hizi zilikonawiri, na huko huko ndiko nyingi zilikozikwa.

Klabu ya kompyuta ni kitu gani? Ni kama intaneti kafe?

Hapana. Intaneti kafe unalipia dakika zako na unakaa na kompyuta yako bila kumjua wa pembeni. Klabu ni watu wa mji mmoja wanaokutana mara moja au mbili kwa mwezi, katika ukumbi wa shule, maktaba au kanisa, kwa sababu wote wana ugonjwa mmoja: kompyuta. Mtu husimama mbele akaonyesha programu au kifaa, wengine huuliza, halafu watu huhamia kwenye meza za nyuma kubadilishana vitu na kuteta.

Kama umewahi kuwa mwanachama wa VICOBA, sura yake unaijua. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina mwenye daftari lake, ada ya mwaka, na yule mjumbe ambaye hajawahi kufika kwa wakati lakini kikao kikifungwa ndiye wa mwisho kuondoka.

Zilianza lini?

Vyama vya watumiaji wa kompyuta vilitangulia kompyuta za nyumbani. Chama cha SHARE kilianza mwaka 1955 kwa ajili ya mashirika yaliyokuwa na mashine za IBM 704, zile za kujaza chumba kizima, na watu wake walikuwa wataalamu wanaobadilishana programu kazini. Hao hawakuwa wapenzi, walikuwa waajiriwa.

Wapenzi wenyewe walikuja baada ya toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics, lililomtoa Altair 8800 kwenye jalada. Hiyo ilikuwa kompyuta ya kujiungia mwenyewe kutoka kampuni ya MITS ya Albuquerque, kwa dola 397. Ghafla mtu wa kawaida aliweza kumiliki kompyuta. Kuitumia lilikuwa jambo jingine.

Tarehe 5 Machi mwaka huo huo, watu wapatao 30 walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, baada ya yeye na Fred Moore kusambaza tangazo. Kikundi hicho ndicho kikaja kuitwa Homebrew Computer Club, jina ambalo mpika gongo angelielewa bila tafsiri: kitu kilichopikwa nyumbani. Mmoja wa waliokuwepo usiku ule ni Steve Wozniak, kijana wa miaka 24 aliyekuwa ameajiriwa Hewlett-Packard. Mchoro wa kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I aliugawa bure kwa wenzake wa klabu hiyo, kabla haujawa biashara.

Lakini kwa nini mtu asijifunze peke yake nyumbani?

Hebu tumtazame Altair kwa karibu. Hana skrini wala kibodi. Mbele ana safu za swichi na taa ndogo nyekundu, basi. Kuingiza agizo moja unapanga swichi nane, hii juu, hii chini, kisha unabonyeza swichi nyingine ili agizo liingie kwenye memori. Unahamia agizo linalofuata. Ukikosea moja kati ya mia, programu haifanyi kazi na hakuna ujumbe wa kukuambia umekosea wapi. Kuna taa tu zinazokukodolea macho. Na memori aliyouzwa nayo ilikuwa baiti 256. Salamu za Idi unazotumiwa na shangazi kwenye simu hazitoshi humo.

Mwaka huo huo Steve Dompier aliingiza programu kwa swichi hizo mbele ya wanachama wa Homebrew, akiwa ameweka redio ndogo juu ya Altair. Alipokuwa katikati ya kazi, mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, memori yote ikafutika. Akaanza upya. Alipomaliza, redio ikaanza kupiga wimbo: alikuwa amegundua kwamba mashine ikifanya kazi inavuruga mawimbi ya redio, naye akaupanga ule mvurugo uwe muziki. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Ninasimulia kisa hiki kwa sababu kinajibu swali. Mwongozo wa kampuni usingekufundisha jambo hilo. Duka la kwenda kuuliza halikuwepo, shule zilikuwa hazijaanza kufundisha kompyuta za aina hiyo, na mke wako alikuwa ameshachoka kukusikia. Mtu pekee wa kukuelewa alikuwa mwenzako aliyenunua balaa kama lako.

Kwenye mikutano walikuwa wanafanya nini hasa?

Homebrew ilipokua ilihamia katika ukumbi wa mihadhara wa maabara ya SLAC, ya Chuo Kikuu cha Stanford, na Lee Felsenstein ndiye aliyekuwa akiendesha mikutano. Utaratibu wake naupenda kuliko wa makongamano mengi niliyokaa na kusinzia. Kwanza watu walinyoosha mikono mmoja mmoja: mimi nina kitu fulani, mimi natafuta kitu fulani, mimi nimesikia kampuni fulani inatoa chipu mpya. Hapo hakuna kujadili, unasikiliza tu na kukariri nani kasema nini. Kisha kikao kinavunjwa, na kila mtu anamkimbilia yule aliyetaja kitu anachokihitaji. Fikiria mnada wa pamba, ila bidhaa ni habari na haziuzwi.

Kwingine mambo yalikuwa ya kawaida zaidi: kununua chipu kwa pamoja ili bei ishuke, kusaidiana kuunga bodi kwa risasi ya kuyeyusha, kulalamikia printa. Diski zilipokuja, shughuli kubwa ikawa maktaba ya diski. Klabu ilikusanya programu za bure na kuzinakili kwa gharama ya diski yenyewe. Mkusanyo wa Fred Fish wa programu za kompyuta ya Amiga ulipita diski 1,000 kabla haujakoma mwaka 1994, na ulisafiri dunia nzima kwa njia hiyo, kutoka mkono kwenda mkono na bahasha kwenda bahasha.

Hata kampuni zilikwenda klabuni kubisha hodi. Tarehe 30 Januari 1984, siku chache baada ya Apple kuzindua kompyuta ya Macintosh, Steve Jobs aliionyesha mbele ya Boston Computer Society. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1977 na Jonathan Rotenberg, mvulana wa miaka 13. Naam, kumi na tatu. Miaka saba baadaye mwenyekiti wa Apple alikuwa anapanda jukwaa la chama kilichoanzishwa na mwanafunzi wa shule.

Ni kweli Bill Gates aliwaita wezi?

Ndiyo, karibu kwa neno hilo hilo. BASIC, lugha ya kuandikia programu ambayo kampuni yake changa iliuza kwa ajili ya Altair, ilikuwa kwenye mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu, na wanachama wa klabu walikuwa wakiunakili na kugawiana. Februari 1976 aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hiyo ni chini ya asilimia 10, na kwamba ukigawanya mapato kwa saa walizofanya kazi, inakuja chini ya dola 2 kwa saa. Wengi walimkasirikia. Mimi naona kila upande ulikuwa na haki yake, lakini hilo lina ukurasa wake siku nyingine.

Basi nini kiliziua? Intaneti?

Hilo ndilo jibu la haraka, na si la uongo, ila linaruka hatua.

Orodhesha vitu vilivyomtoa mtu nyumbani usiku wa Jumatano. Alikosa habari, alikosa programu, alikosa mtu wa kumsaidia, alitaka bei nafuu, na alikuwa mpweke katika upenzi wake. Sasa tazama jinsi kila kimoja kilivyoondolewa. Majarida ya kompyuta yalijaa kwenye vibanda vya magazeti miaka ya 1980. Maduka makubwa yakashusha bei kuliko ununuzi wa pamoja wa klabu. Windows 95 ilikuja na kompyuta ambayo unaiwasha inafanya kazi. Pengine ovyo, lakini inafanya kazi bila kuunga waya. Baada ya kivinjari cha Mosaic mwaka 1993 na Netscape mwaka uliofuata, maktaba ya diski ikawa kabati la vumbi, kwa sababu programu ile ile ilipakuliwa usiku huo huo. Google ilipoanza mwaka 1998, msaada nao ukahama, na YouTube mwaka 2005 ikachukua hata lile onyesho la mbele ya ukumbi.

Kinachonichekesha ni kwamba kaburi walianza kulichimba wenyewe. Ward Christensen na Randy Suess walikuwa wanachama wa klabu ya Chicago iliyoitwa CACHE. Mwanzoni mwa 1978 mji huo ulizikwa na theluji, watu wakakwama majumbani. Wawili hao wakaanza kutengeneza mfumo wa kuwawezesha wanachama kupiga simu kwenye kompyuta kwa modemu, wakaacha ujumbe na kusoma wa wenzao, bila kutoka nje. Mfumo huo, CBBS, ulianza rasmi tarehe 16 Februari 1978 na ndio ubao wa matangazo wa kwanza wa aina hiyo kwa umma. Ulitengenezwa ili kuisaidia klabu. Mtu akishaonja kusoma habari za mkutano akiwa na kandambili na chai yake mezani, utamwambia nini atoke kwenye baridi?

Mbona zile kubwa ndizo zilianguka kwa kishindo?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema intaneti tu.

Boston Computer Society ilifikia wanachama zaidi ya 30,000. Hakuna ukumbi wa kikao wa watu 30,000. Maana yake wengi wao hawakuwa wanahudhuria. Walikuwa wanalipa ada ili wapate jarida, punguzo na namba ya simu ya kuulizia. Chama kikawa na ofisi na watumishi wa kulipwa mshahara. Kwa maneno mengine, kiliacha kuwa chama kikawa huduma, na mwanachama akawa mteja. Mteja hana uchungu na chama. Akipata huduma hiyo hiyo bure kwingine, anahama bila hata kuaga. Kodi na mishahara, kwa upande wao, havihami. Mwaka 1996 chama kilivunjwa.

Berkeley Macintosh Users Group, BMUG, walikuwa na tabia nzuri ya kusema kazi yao ni kugawa habari bure. Kijarida chao kilikuwa kinene kama kitabu. Walianza 1984 na mwaka 2000 walikuwa wamefilisika. Ukiwa unagawa habari, halafu dunia nzima nayo ianze kugawa habari, unabaki na bili ya uchapaji.

Homebrew yenyewe ilikuwa imekutana mara ya mwisho Desemba 1986, kabla hata ya intaneti kuingia majumbani. Waliokuwa wakigawana michoro walikuwa sasa na makampuni, na michoro ikawa siri. Mafanikio nayo huua vikundi, ila hayaandikwi kwenye cheti cha kifo.

Kundi la WhatsApp si ndiyo klabu ile ile, tena bora?

Kwa habari, ni bora mara mia. Kwa punguzo la bei na matangazo pia. Mimi nimo kwenye makundi manne ya mafundi na nimeokolewa nayo zaidi ya mara moja, usiku wa manane, na watu ambao sura zao sizijui.

Lakini kuna jambo moja kundi haliwezi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, alinilalamikia kwa simu mwezi mzima kwamba kompyuta yake "inakula mafaili." Anaandika barua, anahifadhi, akienda kuchapisha stationery flashi ni tupu. Nilimuuliza maswali yote ya kifundi. Nikamwambia flashi ni mbovu, akanunua nyingine. Yakawa yale yale. Nikamwambia labda ni kirusi.

Siku moja nikapita kwake, nikakaa kwenye kigoda nyuma yake. "Haya Mwalimu, fanya kama unavyofanya siku zote." Akafungua barua, akaandika, akahifadhi, faili likaenda kwenye folda ya kompyuta kama kawaida. Kisha akachukua flashi, akaichomeka, akasubiri taa yake imemeteke mara kadhaa, akaichomoa na kuitia mfukoni.

"Sasa hapo umeshanakili?" nikamuuliza.

"Si umeona taa, mwanangu? Inavuta."

Kwa mwezi mzima nisingewahi kuuliza swali hilo, na yeye asingewahi kulitaja, kwa sababu kwake halikuwa tatizo. Kwenye kundi mtu huuliza anachojua kwamba hakijui. Klabuni jirani yako anaiona mikono yako.

Huku kwetu zimewahi kuwepo?

Katika sura ile ya Marekani, hazikupata nafasi. Kumbuka mwaka 1974, yaani mwaka mmoja tu kabla ya ile gereji ya Menlo Park, serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Sababu zake zilikuwepo, fedha za kigeni zilikuwa haba. Lakini mpenzi wa kompyuta wa Dar es Salaam wa wakati huo angependa nini, wakati mashine yenyewe ni haramu bandarini?

Tulichopata kilikuja baadaye na kwa sura nyingine, hasa kupitia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, bure kwa posta popote duniani. Ulijaza fomu intaneti kafe, ukasahau, na baada ya wiki kadhaa ukakuta karatasi ya mzigo kwenye sanduku la posta la shule au la baba. Waliopata waliwanakilia wenzao. Ile ilikuwa maktaba ya diski kabisa, isipokuwa hatukuijua kwa jina hilo. Ilikuwa na sababu ile ile pia: kupakua CD nzima kwa intaneti ya kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009 kulikuwa kazi ya siku kadhaa, na kulipia kwa saa. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Nairobi walikuja na iHub mwaka 2010, na watu wengi huitaja kama klabu. Kwa siku zake za mwanzo, kidogo ndiyo. Ila kituo cha ubunifu kina wafadhili na kina wajasiriamali wanaotafuta mtaji. Mtu hawezi kuingia na bodi iliyoungua kwa sababu tu anataka kujua imeungua wapi. Ukitaka kuona roho ya Homebrew kwetu, nenda kwenye vibanda vya mafundi simu Kariakoo, ambako mmoja ameshika kifaa cha kuunga na watatu wamemwinamia juu ya bega.

Zipo zilizobaki hai?

Zipo. Toronto PET Users Group ilianza mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta za Commodore na imeizika kampuni yenyewe, iliyofilisika 1994. Kwa kuwa mashine zile za asili hazitoki tena, hakuna wa kuwanyang'anya kazi. Wanachotunza hakipo dukani.

Huko Ujerumani Chaos Computer Club, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1981, haikudhoofika bali ilikua, na kongamano lake la kila Desemba limewahi kukusanya zaidi ya watu 10,000. Hao hawakukutana kwa ajili ya diski. Walikuwa na ugomvi na dunia, juu ya faragha, usalama na haki ya kujua mashine inafanya nini, na ugomvi huo haujaisha.

Marekani klabu nyingi za kawaida zilizosalia ni za wastaafu, zinazofundishana simu, picha na jinsi ya kuwakwepa matapeli. Vijana huzicheka. Mimi sioni cha kuchekwa. Ni kundi pekee linaloweza kumwambia bibi wa miaka 78 "hebu nioneshe" bila kumvuta simu mkononi.

Na kuna mrithi ambaye hakujiita mrithi. Mwaka 2009 Martine Postma alianzisha Repair Café mjini Amsterdam: unapeleka kitu kilichoharibika, unakaa na fundi wa kujitolea, mnakitengeneza pamoja. Mtindo huo umeenea nchi nyingi.

Ada iwe kiasi gani?

Ya chai na kahawa. Ikizidi hapo mtaanza kugombea akaunti ya benki.

Nikitaka kuanzisha yangu mtaani, nianzeje?

Usianze na kundi la WhatsApp. Likianza, watu watasalimiana humo mpaka kikao kisahaulike. Anza na siku na mahali: Jumamosi ya pili ya mwezi, saa kumi jioni, darasa la shule ya msingi, baada ya kuongea na mwalimu mkuu na kumwachia anachotaka cha usafi. Watu saba wanatosha.

Usitafute mtoa mada. Ukitafuta mtoa mada utapata mtu mwenye slaidi. Fanya kama Felsenstein: kila mtu aseme ana nini na anatafuta nini, dakika moja moja, halafu viti vivurugwe. Kila aliyekuja alete kitu chake, hata kikiwa kibovu. Hasa kikiwa kibovu. Kanuni iwe moja, kwamba mwenye kompyuta ndiye anayeshika kipanya. Fundi mjuaji ataumia sana hapo, atataka kuinyakua. Mwacheni aumie.

Msisajili chochote mwaka wa kwanza. Msichapishe fulana.

Na mtafute waya wa kurefusha umeme wenye tundu za kutosha, kwa sababu darasa zima litakuwa na tundu moja, nayo iko nyuma ya kabati. Ule waya mwubandike sakafuni kwa gundi ya utepe, mlangoni hasa, wanapopita watu.